Dave Bing, kutoka mpira wa kikapu hadi umeya wa Detroit: tumpimeje?

MwalimuUraia, Morogoro

Wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha somo la uraia katika shule ya sekondari, na kila tunapofika kwenye mada ya serikali za mitaa huwapa wanafunzi kiongozi mmoja wa kumfuatilia tangu utoto wake hadi siku aliyotoka ofisini, kwa sababu nimechoka kuwaona wakikariri muundo wa halmashauri kama wimbo wa kuruka kamba. Safari hii nimemchukua Dave Bing, mchezaji wa zamani wa Detroit Pistons nchini Marekani, ambaye mwezi Mei 2009, akiwa na umri wa miaka 65, alichaguliwa kuwa meya wa jiji lilelile alilolichezea, na akaondoka kipindi chake kilipokwisha, mwishoni mwa mwaka 2013.

Nilidhani somo lingekuwa jepesi: mtoto wa familia ya kawaida, nyota wa kikapu, mwenye kiwanda, meya. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanikwamisha. Aliuliza kwamba ikiwa huyu bwana alikuwa mchezaji hodari na baadaye mfanyabiashara hodari, mbona jiji lilimfilisikia mkononi? Ni kweli kwamba Detroit iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake tarehe 18 Julai 2013, naye Bing akiwa bado kwenye kiti. Nilimjibu kijana kwamba tutaendelea kipindi kijacho, na walimu wenzangu wanajua jibu hilo maana yake nini.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Je, ni haki kusema kwamba michezo ndiyo iliyomwandaa kuongoza? Na la pili, lawama za kufilisika kwa jiji zimfikie kwa kiasi gani?

Kocha wa Temeke

Mwalimu, mimi nitashika swali la kwanza tu, maana hesabu za majiji siziwezi, na nitaanza na jicho.

Bing alizaliwa Washington tarehe 29 Novemba 1943, baba yake akiwa mwashi na mama yake akifanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi alijitengenezea farasi wa kuchezea kwa vijiti viwili vilivyopigiliwa msumari; akajikwaa, na msumari ukamwingia jicho la kushoto. Familia haikuwa na fedha za upasuaji. Jicho lilipona lenyewe, lakini uoni wake ulibaki wa ukungu maisha yake yote. Sasa fikiri kidogo: mchezo wa kikapu unategemea kupima umbali, na kupima umbali kunataka macho mawili yanayoshirikiana. Mimi nina vijana wenye macho mazima kabisa ambao hawajui ringi iko wapi.

Kijana huyo akaenda Chuo Kikuu cha Syracuse, na katika msimu wake wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 28.4 kwa mchezo. Mwaka 1966 Pistons walikuwa wakimtaka mchezaji mwingine, Cazzie Russell, aliyekuwa kipenzi cha watu wa Michigan, jimbo lenye jiji la Detroit. Ikarushwa sarafu kati yao na New York kuamua nani achague kwanza, Detroit wakashindwa, Russell akaenda New York, nao wakabaki na Bing. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuwa meya wa Detroit alifika Detroit kwa sababu sarafu iliangukia upande usiotakiwa na wenyeji.

Msimu wa kwanza alichaguliwa kuwa mchezaji bora chipukizi wa ligi. Msimu wa pili, 1967-68, alifunga pointi 2,142, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka huo, jambo ambalo mchezaji wa nafasi ya mlinzi, kama yeye, hakuwa amelifanya kwa takriban miaka 20. Halafu mwaka 1971, kabla ya msimu kuanza, kidole cha mpinzani kikamchoma jicho la kulia, lile zima, na retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikaachia. Madaktari walimshauri apumzike kabisa. Alirudi uwanjani kabla msimu haujakwisha, na mwaka 1976, akiwa amehamia Washington, akawa mchezaji bora wa mechi ya nyota wote. Alistaafu mwaka 1978 akiwa Boston, akiwa na jumla ya pointi 18,327.

Ila jambo ambalo wengi hawalisemi, na mimi nalipenda kuliko takwimu zote hizo, ni kwamba timu yake ilikuwa dhaifu. Katika misimu yake tisa na Pistons walifika hatua ya mtoano mara tatu tu. Huyu hakuwa mtu aliyezoea kubeba vikombe. Alizoea kuingia uwanjani Jumanne akijua kwamba pengine watafungwa, na akacheza vilevile kama Jumapili. Kama michezo ilimwandaa kwa lolote, Mwalimu, basi ni kwa hilo.

Mkazi wa Hamtramck, Michigan

Kocha ameeleza vizuri, lakini mimi nasita kidogo kuruka kutoka uwanjani moja kwa moja hadi jumba la jiji, kwa kuwa katikati yake kuna miaka 31, na nadhani meya alipikwa katika miaka hiyo.

Mchezaji wa NBA wa wakati ule hakuwa tajiri. Mkataba wa kwanza wa Bing ulikuwa wa dola 15,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kila msimu ulipokwisha, wenzake wakienda likizo, yeye alikwenda kufanya kazi benki, akianzia dirishani kama karani wa kupokea na kutoa fedha, akapanda hadi kujifunza mambo ya mikopo. Alifanya hivyo kwa miaka saba. Baada ya kustaafu hakuanzisha mgahawa wenye picha zake ukutani, kama wastaafu wengi wa michezo. Aliajiriwa na kampuni ya kuuza vyuma, akapitia ghalani, kwenye usafirishaji na kwenye mauzo kwa miaka miwili, na mwaka 1980 ndipo akafungua Bing Steel akiwa na wafanyakazi wanne, akiba yake ya dola 80,000 na mkopo wa dola 250,000. Ndani ya miezi sita akiba yote ilikuwa imekwisha. Kilichomwokoa ni oda kutoka General Motors, na kuanzia hapo kampuni ikakua na kuajiri mamia ya watu, wengi wao wakiwa wakazi wa Detroit. Mwaka 1984 Rais Reagan alimkabidhi tuzo ya taifa ya mfanyabiashara mdogo kutoka jamii za walio wachache.

Hapo ndipo mnapoelewa kwa nini alichaguliwa. Mwezi Septemba 2008 meya Kwame Kilpatrick alikiri makosa ya kuzuia haki isitendeke na kujiuzulu. Mwenyekiti wa baraza la jiji, Ken Cockrel, akashika nafasi hiyo kwa muda, na uchaguzi ukaitishwa. Wapiga kura hawakuwa wakitafuta msemaji mahiri, maana walikuwa wametoka kumpoteza mmoja aliyekuwa mahiri mno. Walimtaka mzee mwenye sifa safi na jina ambalo haliwatii aibu, na aliyeahidi kwamba mshahara hauhitaji. Bing akamshinda Cockrel tarehe 5 Mei 2009, kisha Novemba mwaka huohuo akachaguliwa tena kwa muhula kamili wa miaka minne.

Mimi nilifika huku mwaka 2011. Hamtramck ni mji mdogo wenye halmashauri yake, lakini umezungukwa karibu pande zote na Detroit, kwa hiyo mtu huvuka mpaka bila kujua. Usiku ndipo ulikuwa unaujua mpaka huo. Unatembea mtaa wenye mwanga, unavuka barabara moja, na ghafla unaona nguzo za taa zimesimama kama minazi iliyokatwa vichwa. Mama mmoja mzee, jirani wa rafiki yangu, alikuwa na desturi ya kuacha taa ya barazani ikiwaka hadi alfajiri, na alieleza kwamba si kwa ajili yake bali kwa ajili ya vijana wa mtaa wanaotoka kazini usiku. Umeme alilipa yeye. Ripoti rasmi ya mwaka 2013 ilisema kwamba takriban asilimia 40 ya taa za barabarani za Detroit zilikuwa haziwaki, na kwamba jiji lilikuwa na majengo yaliyotelekezwa yapatayo 78,000. Bing aliahidi kubomoa majengo 10,000 katika muhula wake. Weka namba hizo mbili pamoja, uone ukubwa wa kijiko na ukubwa wa bahari.

Msema Kweli, Mwanza

Naona huyu mzee anaanza kupakwa manukato, na mwalimu atakwenda kuwapa watoto upande mmoja. Bing alikuwa na kasoro zake, nazo zisemwe. Kabla ya kugombea alikuwa akiishi Franklin, kitongoji cha watu wenye uwezo nje ya Detroit, na ilimbidi ahamie jijini ili awe na sifa za kugombea. Wananchi hawakulisahau hilo. Mwaka 2010 alipoleta mpango wa kuelekeza huduma kwenye mitaa yenye watu wengi na kupunguza nguvu kwenye mitaa iliyobaki mitupu, aliuzungumzia kwa namna iliyowafanya watu waamini kwamba watahamishwa kwa lazima. Huenda mpango wenyewe ulikuwa na busara. Lakini ukienda kumwambia bibi aliyebaki peke yake katika mtaa wenye nyumba tatu kwamba taa za kwake hazina kipaumbele, unatakiwa uende na maneno yaliyotafunwa vizuri, naye hakuwa na maneno hayo. Mwaka 2012 likaja pendekezo la kupunguza taa za barabarani kutoka 88,000 hadi 46,000, na hofu ileile ikarudi.

Isitoshe, alivutana na baraza la jiji karibu kipindi chake chote. Kiwandani bosi akisema, limekwisha. Kwenye halmashauri, diwani ana kura yake na wapiga kura wake, na hawezi kufukuzwa kazi. Hilo ndilo ambalo biashara haikumfundisha, wala kikapu hakikumfundisha.

Mhasibu wa Halmashauri, Dodoma

Ndugu Msema Kweli ana hoja, nami sitaipinga. Ila swali la kijana wa dawati la nyuma ni swali la kihasibu, na kihasibu jibu lake linaanza Bing akiwa bado anacheza mpira.

Jiji lolote ni gharama zisizohama. Bomba la maji, mtaro, barabara na kituo cha zimamoto vilijengwa kwa idadi fulani ya watu. Watu wakiondoka, bomba halifupiki. Tangu miaka ya 1950 wakazi wa Detroit walikuwa wakihamia vitongojini, viwanda vya magari vikifuata au vikifungwa, na kila familia iliyoondoka iliondoka na kodi yake ya mapato na ya nyumba. Waliobaki walikuwa maskini zaidi na walitozwa zaidi. Wakati huohuo wastaafu wa jiji hawakupungua. Bing alipokuwa akimalizia muda wake, jiji lilikuwa na wastaafu zaidi ya 20,000 wanaostahili pensheni na matibabu, huku watumishi walio kazini wakiwa chini ya 10,000. Mtu mmoja kazini, wawili nyumbani wakisubiri cheki. Mwenye kuujua mfuko wowote wa pensheni ataniambia kama kuna mchezaji au asiye mchezaji anayeweza kuutoa mfuko huo kwenye shimo kwa miaka minne na nusu.

Kisha kuna mkopo wa mwaka 2005, ambao mimi ningeuandika ubaoni kwa wino mwekundu. Serikali ya jiji ya wakati huo ilikopa takriban dola bilioni 1.4 ili kujazia mifuko ya pensheni, na ikafunga mikataba ya kubadilishana riba, yaani jiji lilipe riba isiyobadilika na benki zilipe riba ya soko, iliyokuwa na faida endapo riba za soko zingepanda. Mwaka 2008 uchumi wa dunia ukaporomoka, riba zikashuka karibu na sifuri, na jiji likajikuta linazilipa benki mamilioni ya dola kila mwaka kwa mkataba uliogeuka mzigo. Mwaka 2009 masharti yakajadiliwa upya ili benki zisidai zote kwa mkupuo, na dhamana iliyowekwa ni kodi ya kasino, ambayo ilikuwa moja ya mapato machache ya uhakika yaliyobaki. Bing aliingia ofisini mwaka huohuo. Hakuupanda mti, lakini yeye ndiye aliyeukuta umeangukia mlango.

Mwezi Aprili 2012 jiji lilitia saini makubaliano na jimbo la Michigan ya kukubali kusimamiwa kifedha. Baraza liliyapitisha kwa kura 5 dhidi ya 4, na meya mwenyewe siku hizo alikuwa mgonjwa, amefanyiwa upasuaji wa utumbo na kisha akapata mabonge ya damu kwenye mapafu. Makubaliano hayakutosha. Mwezi Machi 2013 gavana Rick Snyder akamteua mwanasheria Kevyn Orr kuwa msimamizi wa dharura. Wengi wa madiwani walitaka kuupinga uamuzi huo, Bing akakataa kuungana nao. Kuanzia siku Orr alipoingia, mamlaka ya fedha, mikataba na ajira yalikuwa mikononi mwake. Meya alibaki na cheo, ofisi na kile alichoruhusiwa kufanya. Kwa hiyo hati ya kuomba kufilisika, yenye madeni yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 18, haikuwa hati ya Bing. Ilikuwa ya Orr, kwa idhini ya gavana.

Wanafunzi wakiona jambo hili ni geni, Mwalimu, wavushe mpaka wa Uganda. Sheria ya mwaka 2010 iliyounda Mamlaka ya Jiji la Kampala ilimwachia Meya Mkuu nafasi ya kuchaguliwa na wananchi, lakini uendeshaji na fedha ukauweka kwa mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na rais, na mvutano kati ya Erias Lukwago na mkurugenzi Jennifer Musisi ulijulikana Afrika Mashariki nzima. Kwetu meya huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao, na mkurugenzi wa jiji huteuliwa na rais. Kabla ya kumhukumu meya yeyote, mwanafunzi aulize kwanza nani anatia saini hundi.

MwalimuUraia, Morogoro

Kocha, shikamoo. Nimelipenda jicho kuliko yote, na kipindi kitaanza nalo. Ndugu wa Hamtramck na Msema Kweli, nitawasomesha nyote wawili bila kuwapatanisha, ili darasa libishane. Nimebaki na maswali madogo mawili. Bing alifanya nini baada ya kutoka? Na ndugu Mhasibu, kwa kuwa nina dakika 40 tu na wanafunzi wengi wanaogopa hesabu, ungekuwa wewe ungeandika namba gani ubaoni?

Mkazi wa Hamtramck, Michigan

Tarehe 14 Mei 2013 alitangaza kwamba hatagombea tena. Mike Duggan alichaguliwa Novemba, akaapishwa kuingia mwaka 2014, na jiji likatoka kwenye ufilisi mwezi Desemba 2014 likiwa limesamehewa madeni ya takriban dola bilioni 7. Taa za barabarani, kwa taarifa ya Msema Kweli, zilibadilishwa zote. Mwishoni mwa mwaka 2016 zilikuwa zimefungwa mpya zipatazo 65,000, na mamlaka iliyozifunga iliundwa Bing akiwa bado meya. Pongezi zilipokelewa na aliyemfuata, jambo ambalo mtu aliyezoea kupiga pasi ya mwisho bila shaka analielewa.

Yeye mwenyewe alianzisha Bing Youth Institute, taasisi inayowaunganisha vijana wa kiume weusi wa Detroit na wanaume watu wazima wanaowalea kimasomo na kimaisha. Jezi yake namba 21 ilistaafishwa na Pistons miaka mingi kabla ya siasa, na bado inaning'inia.

Mhasibu wa Halmashauri, Dodoma

Ningeandika namba mbili tu, moja juu ya nyingine. Juu 1,849,568, ambao ni wakazi wa Detroit katika sensa ya mwaka 1950, na chini yake 713,777, sensa ya mwaka 2010, mwaka wa kwanza kamili wa Bing ofisini. Usiwape jibu. Waache watoe wenyewe, watapata 1,135,791, halafu mwulize yule kijana wa nyuma bomba la maji la watu hao linalipiwa na nani.